Matuta ya Edani

Nilikuwa nimeshang'oa karibu tuta zima nilipomsikia Safina akipiga yowe nyuma yangu.

"Mawe!" aliita mama kwa Kiha chao. "Bi Mkubwa, unafanya nini?"

Niligeuka na fungu la majani mkononi, najiona mchapakazi. Siku hiyo nilikuwa nimeamka kabla yake, nikafunga kanga kiunoni, nikaamua kwamba leo na mimi nitaonekana mkulima. Magugu yalikuwa yameota kwa mistari, laini, kila jani limegawanyika kama vidole, na yana harufu kali kidogo. Niliyang'oa yote, na mizizi nikaikung'uta udongo ili yasishike tena.

"Napalilia," nikamjibu.

Alikaa chini palepale, na tumbo lake lile la mimba, akaanza kuokota mche mmoja mmoja na kuurudisha ardhini kwa kidole.

"Ni isogi," akasema. "Nyie mnaita mgagani. Dada, hii ndiyo mboga yenyewe."

Mpaka siku hiyo hakuwahi kuniita dada. Nadhani lilimtoka kwa uchungu. Niliinama, nikaanza kuokota pamoja naye hadi jua lilipotuchoma mgongo. Michache ilishika. Mingi ilikauka.

Msinicheke. Mimi ni mtoto wa duka. Nilizaliwa Ujiji nyuma ya duka la vitambaa la baba yangu, nikaolewa Kasulu kwenye duka la vifaa la Shamsi. Mboga kwetu zilikuja mlangoni asubuhi kichwani mwa wanawake waliotoka mabondeni, na kazi yangu ilikuwa kuchagua na kulalamika kwamba fungu limepungua. Majembe tulikuwa tunauza. Sikuwahi kulishika jembe ila kulifuta vumbi.

Shamsi alifariki njiani akitoka Mabamba. Ilikuwa presha. Walimshusha garini Kibondo, wakamlaza kwenye benchi la kituo, na daktari alipofika hakukuwa na kazi iliyobaki. Mabamba alikuwa akienda kuwauzia wateja wanaovuka kutoka Burundi, na huko alikuwa na mke wa pili. Nilijua. Hakuniambia na sikumuuliza, lakini mwanaume anayerudi safari nguo zikiwa zimepigwa pasi hana haja ya kueleza mengi. Huyo mwanamke sikuwahi kumwona, na niliomba Mungu nisimwone.

Baada ya khitma ya siku ya tatu, Abbasi, mdogo wake marehemu, alimshusha mlangoni kwangu msichana mwenye begi moja. Jina alilopewa na wazazi wake Waha lilikuwa Niyubahwe. Safina lilikuja aliposilimu ili Shamsi amwoe.

"Kule amepangishiwa chumba tu, hana mtu," Abbasi alisema. "Eda mtakaa pamoja, shemeji." Kisha akatazama dari. "Na ni mjamzito."

Sheria ya eda inajulikana. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi: hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Lakini mjane mwenye mimba eda yake ni tumbo lake. Siku anayojifungua amemaliza, hata kama mumewe kazikwa jana. Kwa hiyo mimi nilikuwa nahesabu kalenda na yeye alikuwa anangoja mtoto, chini ya paa moja, na usiku kila mmoja alimsikia mwenzake akilia upande wa pili wa ukuta na hakuna aliyenyanyuka kwenda kubisha hodi.

Uani nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja ambacho Shamsi alikitumia kutupia mabati chakavu na mifuko mitupu ya saruji. Safina alikitazama kwa siku kadhaa kutoka dirishani. Kisha akaomba jembe. Stoo ilikuwa imejaa majembe mapya, lakini Abbasi alikuwa ameifunga hadi mirathi igawanywe, na alikuwa sahihi kuifunga. Ikabidi tuite kwa jirani yetu Pelagia, juu ya ukuta, atuazime lake. Marehemu aliuza majembe Kasulu nzima, na wajane wake waliazima. Pelagia alijitahidi asicheke, akashindwa, akatuomba radhi kwa msiba.

Mimi nilikaa kivulini na tasbihi yangu, nikamwacha alime. Niliona ni mambo ya shamba, na mimi si mtu wa shamba. Kilichonitoa kivulini ni kliniki. Pelagia alimsindikiza Safina Kabanga kupima, wakarudi nyuso zimewashuka. Nesi alikuwa amemfunua kope la chini, akapima damu, akasema imepungua mno. Ale mboga za majani kwa wingi, kila siku. Damu ikishuka zaidi, mtoto huenda asifike.

Sikumpenda Safina. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alijua. Lakini mimi sikumzalia Shamsi mtoto, na yule aliyekuwa tumboni mwake alikuwa wa Shamsi. Nilimtamani yule mtoto kwa njaa ambayo sikuwahi kuikiri hata kwenye sala. Nesi alisema mboga, na mboga zilikuwa uani kwangu. Kesho yake ndipo nilipoamka mapema, nikafunga kanga kiunoni na kung'oa mgagani.

Tangu hapo Safina aliniweka kwenye kigoda akaniambia nitazame kwanza. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa binti yangu, na alinifundisha kwa sauti ya chini, bila kunitazama usoni, ili nisione aibu. Namna ya kuinua tuta na kuchimba mfereji kati yake. Namna ya kuchanganya mbegu za mchicha na mchanga, maana ni ndogo mno na ukizimwaga zenyewe zinaota zikibanana kama watu kwenye foleni ya sukari. Nilikosea kila nilichoweza kukosea. Pelagia alituletea samadi ya mbuzi, bado mbichi, nikaijaza kwenye tuta la matembele. Nilidhani samadi ni kama samli kwenye wali, ukizidisha ndiyo utamu. Matembele yaliungua yote, yakawa ya njano, kisha yakalala.

"Samadi inakaa kwanza," Safina alisema. "Inaoza, inapoa. Haina haraka."

Halafu mvua za mwisho zikakata. Maji ya bomba yalikuja yanapotaka, na sisi hatukuweza kutoka kwenda kuchota. Hapo ndipo mimi, mtoto wa duka, nilipotoa wazo langu moja la maana. Nilichukua jiwe bapa, nikaliweka kichwani mwa mfereji, nikamwambia Safina kuanzia leo tutatawadha hapa. Maji ya kutawadhia hayana sabuni. Yalitoka mikononi na usoni na miguuni, yakaanguka kwenye mfereji, yakaenda kwenye matuta. Kila sala tulikutana pale, mmoja akimmiminia mwenzake kwa kopo. Huwezi kummiminia mtu maji miguuni kila siku na kuendelea kumnunia. Tulianza kuongea. Alinieleza alivyokutana na Shamsi, na nikasikiliza hadi mwisho. Aliniambia akizaa wa kiume atamwita Haidari, jina la baba yake Shamsi, na akaniuliza kama sitachukia.

"Kwa nini nichukie?"

"Kwa sababu wewe ndiye ungempa hilo jina."

Nilimmiminia maji mguu wa pili.

Kulikuwa na mmea mmoja ulionikubali: mrehani. Niliomba kitawi kwa Pelagia, nikakichomeka pembeni kwa sababu mama yangu alikuwa nao Ujiji, na ukashamiri kuliko kitu chochote kilichopandwa kwa mkono wangu. Nilijivunia kupita kiasi. Kila asubuhi niliugusa tu ili unukie. Akaja Bi Asmahani, shangazi yake marehemu, kutukagua. Alisimama mlangoni, akanusa, akanusa tena, akanisogelea hadi kifuani.

"Mwanaamina! Umejitia manukato edani?"

Nilijaribu kumweleza kwamba ni mmea. Akasema mmea au chupa, harufu ni harufu, na mji mzima utasema mjane wa Shamsi ananukia kabla kaburi halijakauka. Nikaung'oa mbele yake. Nikanawa mikono kwa majivu. Alipoondoka, Safina alicheka hadi akashika tumbo, kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu msiba, na mimi nikacheka naye. Halafu kikageuka. Nililia nimepiga magoti mbele ya shimo dogo, na sijui kama nilimlilia Shamsi au mrehani.

Mgagani uliosalimika ulikua. Tuliupika kwa karanga na bado ulikuwa mchungu, na Safina alikula nami nimesimama juu yake kama askari. Kila asubuhi nilimfunua kope la chini nione. Lilikuwa jeupe, jeupe, jeupe. Kisha siku moja nikaona wekundu, hafifu, nikamwambia asitikisike nikaangalia tena. Ulikuwepo. Sikumbuki furaha nyingine kama ile maishani mwangu, na nilikuwa mjane na nyumba ilikuwa bado ya msiba.

Abbasi alikuja kila Ijumaa baada ya sala. Alisimama kwenye ukingo wa matuta, akivilinda viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara, na alieleza mambo kama mfanyabiashara anavyoeleza.

"Shemeji, sheria unaijua," aliniambia Ijumaa moja, Safina akiwa amelala. "Kama kaka hakuacha mtoto, fungu lako ni jema, na nyumba hii hatutaiuza. Utakaa. Bustani yako utaendelea nayo, hakuna atakayekugusa. Akizaliwa mtoto hai, hayo yote yanabadilika. Lako linapungua nusu, mtoto anachukua sehemu kubwa, na hata akifa kesho yake, mama yake atarithi kwake. Itabidi tuuze ili kila mtu apate chake."

"Ni mtoto wa kaka yako, Abbasi."

"Akilia, ni mtoto wa kaka yangu," akasema. "Asipolia, ni majaliwa."

Ndivyo ilivyo kwenye mirathi yetu. Mtoto aliyetoka akalia amekuwa mtu: anarithi, anapewa jina, anaswaliwa. Aliyetoka kimya hana fungu. Nilimsikiliza Abbasi, nikatazama matuta yangu. Nilikuwa sina mahali pengine duniani, wazazi wamekufa, ndugu wametawanyika. Lakini niliendelea kuchuma mgagani.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Ilikuwa asubuhi, Safina ameinama kwenye mchicha, na nilisikia akisema "dada" kwa sauti ambayo haikuwa ya kuita. Maji yalikuwa yameshamwagika. Nilimpigia Pelagia kelele juu ya ukuta, akachungulia, akakimbia kutafuta bajaji. Nilijaribu kumwinua Safina tuingie ndani. Hakuweza. Nilivua kanga yangu nikaitandika kati ya matuta mawili, kwenye mfereji, maana hapo ndipo alipoangukia.

Sikuwahi kuona uzazi. Mikono yangu ilikuwa na udongo, na sikuwa na muda wa kuinawa. Mtoto alitoka haraka kuliko nilivyotegemea, mdogo, wa rangi isiyo sawa, akatulia viganjani mwangu. Nikamfuta kinywa kwa pembe ya kanga. Nikampulizia usoni. Nikamwambia jina lake.

Akalia.

Hakikuwa kilio cha kuamsha jirani. Ilikuwa sauti moja nyembamba, kavu, kisha nyingine fupi kuliko ile ya kwanza. Kifua kilipanda. Niliinamisha mdomo sikioni mwake nikamsomea shahada, na nilihisi pumzi yake shavuni. Safina alikuwa amezirai, na damu ile tuliyoikusanya jani kwa jani ilikuwa inakwenda kwenye mfereji. Nilimwita, sikujua nimshike nani. Nilipomtazama mtoto tena kifua kilikuwa kimetulia. Nilimpulizia, nikampulizia. Pelagia aliingia na dereva wa bajaji, wakambeba Safina kumpeleka Kabanga, na mimi nikabaki na Haidari mapajani.

Walikuja mchana: Abbasi, sheikh wa msikiti wetu, na Bi Asmahani. Walikaa sebuleni. Mtoto nilikuwa nimemlaza kwenye mto wa Shamsi. Safina alikuwa hai, Pelagia alikuwa ametuma habari, ila alikuwa hajafumbua macho.

"Bi Mwanaamina," sheikh alisema, "wewe peke yako ndiye uliyekuwepo. Nakuuliza mbele ya Mungu. Mtoto alilia?"

Kabla sijafungua mdomo Abbasi aliingilia kwa upole. "Shemeji alikuwa na hofu. Pale uani kuna kuku wa jirani, kuna kelele za barabarani. Mtu huweza kudhani amesikia." Akanigeukia. "Hakuna atakayekulaumu ukisema huna hakika. Unaelewa ninachosema?"

Nilielewa. Alikuwa ananipa nyumba. Alikuwa ananipa uani na matuta na mahali pa kuzeekea, na kilichotakiwa ni mimi niseme sina hakika, neno ambalo hata si uongo mkubwa. Nilitazama kile kifurushi kwenye mto. Hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa sauti mbili, na zote nilikuwa nazo mimi.

"Alilia," nikasema. "Mara mbili."

Bi Asmahani alishusha pumzi. Abbasi alisema mwanamke mmoja hatoshi kuwa shahidi. Sheikh akasema masheikh wengine wangehukumu vingine, lakini huyu anashuhudia dhidi ya fungu lake mwenyewe, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuulizwa. Akaniuliza jina. Nikalitaja. Walimwosha, wakamvika sanda, wakamswalia, wakatoka naye. Nilisikia hatua zao zikipungua barabarani, na mimi sikuweza kuvuka kizingiti.

Safina hakurudi. Eda yake iliisha palepale kwenye mfereji, na alipopata nguvu ndugu zake walimchukua hospitali moja kwa moja hadi Mabamba. Mimi nilibaki na siku zangu zilizosalia. Nilitawadha peke yangu kwenye lile jiwe, nikijimiminia. Mboga zilistawi mwaka ule kuliko nilivyoona maishani, na hasa pale kwenye mfereji alipozaliwa mtoto, na sikuweza kuzitia mdomoni. Nilizichuma nikampa Pelagia juu ya ukuta, na yeye hakuniuliza kwa nini sili. Eda ilipoisha, nyumba iliuzwa. Mnunuzi alimwaga zege uani pote ili aegeshe lori.

Sasa ninaishi Kibondo, chumba kimoja na matuta mawili nyuma. Mboga zinanisikia siku hizi. Mjini Kasulu maneno yalibaki. Abbasi anaamini nilisema vile kumkomoa. Bi Asmahani, Mungu amrehemu, alikwenda kaburini akiamini kwamba nilichanganyikiwa. Hayo niliyabeba. Nilijiambia kuna mtu mmoja anayejua.

Mwaka jana Safina alinitembelea. Fungu lake alinunulia shamba Kitahana, ameolewa tena, amenenepa, uso una damu. Tulikaa kwenye mkeka. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama wanavyofanya kwao wakimheshimu mtu.

"Dada, nimechelewa kuja kukushukuru. Nilikuwa naona haya."

"Kunishukuru nini?"

"Lile neno ulilowaambia. Uliwaongopea ili mimi nipate, na wewe ukapoteza nyumba. Ndugu yangu wa tumbo moja asingenifanyia."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Safina, sikuongopa. Alilia."

"Ego, dada." Alinikubalia haraka, kwa sauti ile ambayo watu humkubalia mgonjwa. "Ego. Alilia."

"Mara mbili. Ya kwanza nyembamba. Ya pili fupi. Nilimwita jina ndipo akalia."

Alitazama chini. Machozi yalimtoka lakini hakuniachia mkono. "Nilikuwa pale, dada. Nilikuwa naomba Mungu nimsikie. Sikusikia kitu."

"Ulikuwa umezirai."

"Ego," akasema.

Tulikunywa chai. Alinieleza habari za mahindi yake, na bei, na mume wake mpya asiyependa kwenda sokoni. Nilimwitikia kila alipotua. Nilikuwa nafikiria kwamba nikifa, yule mtoto atakuwa hajawahi kulia.

Nilimsindikiza hadi kituoni. Gari lilipokuwa linaita abiria wa mwisho, nilimshika kiwiko.

"Alilia, Safina."

Aliniwekea kiganja shavuni, kwa upendo wote alionao.

"Imetosha, dada," akasema, akapanda.